Gari la Kwanza kwa Masika ya Tanga: IST na Probox za 4WD, RAV4, Forester na Escudo

Mnunuzi wa gari la kwanza mkoani Tanga anapoingia yadi, dalali humuuliza kwanza bajeti yake, kisha humuuliza kama anataka gari la chini au la juu. Maswali yote mawili ni ya haki, ila hayatoshi, kwa sababu mkoa huu una barabara za aina tatu na masika hayazitendei sawa. Ipo lami ya mjini na ile inayokwenda Muheza hadi Segera, ambako shida kubwa ni madimbwi na breki za ghafla za wenzako. Ipo lami ya mlimani, ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni, ambayo ndani ya kilomita zisizozidi 35 hukupandisha karibu mita elfu moja kwa kona zinazofuatana, huku mawe na udongo vikiporomokea barabarani mvua inapokolea. Na zipo barabara za udongo mwekundu, kama zile zinazotoka Lushoto kwenda Mlalo na Mtae, sehemu za njia ya Amani zisizo na lami, na vichochoro vinavyokatisha mashamba ya mkonge, ambazo zikinyeshewa usiku mmoja tu hugeuka sabuni.

Magari ninayoyalinganisha hapa ni Toyota IST, Toyota Probox pamoja na pacha wake Succeed, Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, Subaru Forester iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, na Suzuki Escudo. Nimeyachagua kwa sababu mafundi wa Ngamiani na wa Korogwe wanayajua, spea zake zinapatikana bila kuagiza mbali, na kila moja lina toleo ambalo magurudumu yote manne huvuta, yaani 4WD. Magari makubwa kama Prado nimeyaacha, kwa kuwa anayeweza kununua Prado kama gari la kwanza hahitaji ushauri wangu.

Ili kuyapima sawasawa, inafaa kujua kwanza yalitengenezwa kwa ajili ya shida gani. Magari madogo ya 4WD tunayoyapata kutoka Japani yaliuzwa zaidi kwa watu wa mikoa ya theluji: Hokkaido, Aomori, Akita, Niigata na kwingineko kaskazini na kwenye pwani ya magharibi. Mwalimu wa Akita aliyenunua IST ya 4WD hakuwa akifikiria tope. Alitaka gari litoke kwenye maegesho yaliyofunikwa na theluji asubuhi ya Januari, kisha liende kazini kwenye barabara ambayo tingatinga limekwisha kuisafisha. Barabara ya namna hiyo inateleza sana, lakini haina makorongo. Ndiyo maana gari la aina hiyo lilipewa mshiko wa magurudumu manne bila kuinuliwa kwa kiasi cha kutosha, na hapo ndipo mnunuzi wa huku anapodanganyika: anaona maandishi ya 4WD nyuma ya gari, anadhani amepata gari la shamba, kumbe amepata gari la mjini lisiloteleza kirahisi. Kwenye njia ambayo malori ya mbao na ya mkonge yamechimba mifereji miwili mirefu, gari lenye nafasi ya sentimita 15 tu chini ya tumbo litalalia tuta la katikati, na magurudumu yote manne yatazunguka hewani.

Kwa hiyo mambo ya kulinganisha ni matatu, na ninayapanga kwa uzito ninaoupa mimi: urefu wa tumbo kutoka ardhini na hali ya matairi, kisha afya ya chuma cha chini, na mfumo wa 4WD uje mwisho. Najua wengi huupanga kinyume.

Tuanze na IST na Probox, kwa sababu chini ya bodi zao ni karibu ndugu wa tumbo moja. IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ikiwa ya 4WD huwa na namba ya chesisi inayoanza na NCP65 na injini ya 1NZ-FE ya ujazo wa sentimita 1,496, ambayo ndiyo injini iliyo pia kwenye Probox na Succeed za NCP55, zilizosajiliwa kwa mizigo, na za NCP59, zilizosajiliwa kwa abiria. Injini hiyo hutumia cheni badala ya taiming belti, ule mkanda wa mpira unaoendesha valvu, haina makuu, na fundi yeyote wa mtaani ameifungua mara nyingi. Mfumo wa kuvuta magurudumu ya nyuma nao ni mmoja: kuna kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni karibu na difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, na magurudumu ya mbele yakianza kuzunguka bure, mafuta hayo hukaza na kupeleka nguvu nyuma bila dereva kubonyeza kitu chochote. Kwa dereva mgeni hilo ni jambo jema, kwani hakuna cha kusahau. Udhaifu wake ni kwamba huamka baada ya tairi kuteleza, na likilazimishwa kwa dakika nyingi kwenye tope zito, kiungo hicho hupata moto na kulegea.

Tofauti ya mawili hayo iko kwenye matumizi na kwenye heshima. IST inapendwa, inauzika haraka, na kwa sababu hiyo unalipa zaidi kwa gari dogo zaidi. Probox inadharauliwa kwa kuwa watu wanaihusisha na michomoko inayopakia abiria kupita kiasi, ingawa ukikunja viti vyake vya nyuma unapata sakafu tambarare inayobeba magunia ya viazi kutoka Lushoto, na plastiki zake ngumu za ndani huoshwa kwa kitambaa na maji. Kwa maoni yangu, mtu anayekaa Chumbageni au Mabawa, anayepanda Lushoto mara moja moja kusalimia wazee na hapiti kwenye udongo zaidi ya kilomita chache, atahudumiwa vizuri zaidi na Probox au Succeed ya 4WD kuliko gari jingine lolote katika orodha hii. Kilomita 12 hadi 14 kwa lita moja ya petroli ni matarajio ya haki kwa safari za mchanganyiko. Jambo la kujihadhari nalo ni historia: Probox iliyotumika nchini inaweza kuwa ilikuwa mchomoko wa njia ya milimani, na hapo odometa haikuambii kitu. Tazama viti vya nyuma na bawaba za milango. Gari la familia halilegei milango yote minne.

RAV4 ya 2000 hadi 2005 inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa sokoni kuna mbili zinazofanana kwa sura. Ile yenye chesisi ya ZCA26 ina injini ya lita 1.8 na huvuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Ile ya ACA21 ina injini ya lita 2.0 na huvuta kwa manne wakati wote. Muuzaji ataziita zote mbili 4WD, mara nyingine bila nia mbaya, kwa sababu ya tairi la akiba lililoning'inia kwenye mlango wa nyuma. Soma kibao cha chesisi, acha bodi. Ya 1.8 ni nyepesi kuitunza, na kwa kuwa imeinuka karibu sentimita 19 hupita penye madimbwi ambapo IST inasita, lakini kwenye mlima wa udongo ulioloa itakuacha katikati. Ya 2.0 inapanda, ila injini yake ya 1AZ-FSE, ile ambayo mafundi huiita D4, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, nayo haivumilii mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Dalili za ugonjwa wake ni mngurumo unaopanda na kushuka gari likiwa limesimama, na kukosa nguvu mlimani. Ukiipata ikiwa tulivu inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, na tena baada ya kutembezwa hadi Pongwe na kurudi, ni gari zuri. Ikitetemeka katika moja ya nyakati hizo, waachie wenye moyo.

Forester ndiyo gari ninalolipenda kuliko yote haya, na ndilo ninalolikataza zaidi kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Injini yake ya EJ20 imelala chini, pistoni zikipigana ngumi kulia na kushoto, hivyo uzito uko karibu na ardhi ingawa tumbo limeinuka karibu sentimita 20, na magurudumu manne huvuta muda wote bila kusubiri kuteleza. Kwenye kona za Soni lami ikiwa imeloa, hakuna kati ya haya matano linalotulia kama hilo. Lakini valvu za injini hiyo hiyo zinaendeshwa na taiming belti inayopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika barabarani valvu hugonga pistoni na injini imekwisha. Mnunuzi wa gari la mtumba hana njia ya kujua belti ilibadilishwa lini isipokuwa kuna kumbukumbu, kwa hiyo bei ya belti mpya, rola zake na pampu ya maji lazima ihesabiwe kama sehemu ya bei ya gari. Ongeza unywaji wa petroli, ambao kwa gari lenye giaboksi ya otomatiki huwa kilomita 8 au 9 kwa lita, na ukweli kwamba hata kubadilisha plagi kunahitaji mikono myembamba. Toleo lenye tabo (turbo) lina mambo yake zaidi. Mwenye fundi wa Subaru anayemwamini anaweza kupuuza aya hii yote.

Escudo ni habari tofauti. Ile ya kizazi cha pili, yenye chesisi ya TL52W na injini ya lita 2.0, imejengwa juu ya fremu kama pikapu, na ina kigingi cha pili pembeni ya gia kinachochagua kati ya kuvuta nyuma tu, kuvuta kote kwa mwendo wa kawaida, na kuvuta kote kwa gia nzito. Hiyo gia nzito ndiyo inayolitenga na mengine. Kupanda ni nusu ya kazi. Nusu ngumu zaidi ni kushuka mlima wa udongo ulioloa, ambapo ukikanyaga breki matairi yanafunga na gari linaserereka likielekea linakotaka. Escudo ikiwa kwenye gia nzito hushuka kwa kasi ya mtu anayetembea, injini ikilishikilia, mguu wako ukiwa mbali na breki. Kwa mwalimu aliyepangiwa shule ya juu ya Mlalo, au kwa mtu mwenye shamba la iliki upande wa Amani, ambako mvua ya mwaka hufikia takriban milimita 1,900, sioni mbadala wake kwa bei inayofikiwa na watu wa kawaida.

Hata hivyo Escudo inamtaka dereva ajifunze. Kwenye lami kavu hairuhusiwi kutembea na magurudumu yote manne yakiwa yamefungwa pamoja, kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti kwenye kona na vyuma huanza kukabana. Ukirudisha kwenye magurudumu mawili, yanayovuta ni ya nyuma, na nyuma ya gari hilo ni nyepesi. Anayelikanyaga mafuta katikati ya kona ya lami iliyoloa ataona mkia ukimpita. Kizazi cha tatu, kuanzia mwaka 2005, chenye chesisi ya TD54W, kiliondoa usumbufu huo kwa kuvuta kote muda wote huku kikibaki na gia nzito, lakini bei yake pia ilisogea. Petroli hunywa kama Forester.

Upande wa ushuru, tofauti ya injini za 1.5 na 2.0 ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zote ziko chini ya sentimita 2,000 za ujazo. Kinachouma ni umri: gari linaloingizwa nchini likiwa na zaidi ya miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka 10 huongezewa mkubwa zaidi. Karibu magari yote niliyoyataja yamepita hapo, na ndiyo sababu wengi huishia kununua lililokwisha kusajiliwa hapa, lenye namba D, au hata C, kutoka mkononi mwa mtu.

Sasa chuma cha chini, jambo ambalo madalali hawalipendi. Barabara za theluji za Japani humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na matairi hadi kwenye kila mshono chini ya gari. Gari lililofanya kazi Hokkaido kwa majira kumi ya baridi linaweza kuwa na rangi inayong'aa na viti visivyo na doa, huku paipu za breki na mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu ya nyuma vikiwa vimeliwa. Likishaletwa Tanga, hewa ya bahari ya Raskazone na Sahare huendeleza kazi pale chumvi ya kwanza ilipoishia. Kwa mantiki hiyo toleo la 4WD, ambalo ndilo tunalolitafuta, ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuja na kutu kuliko mwenzake wa magurudumu mawili aliyekulia Osaka, kusiko na theluji nyingi. Hakuna namna ya kukwepa hilo isipokuwa kukagua.

Kama unaagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani ambako gari lilinunuliwa. Ina mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na kwenye mchoro huo mkaguzi huandika herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Daraja la R au RA juu ya karatasi maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mnada wa Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido, ukitajwa, ongeza umakini. Kama unanunua hapa, lipeleke gari kwenye gereji yenye shimo, shuka na tochi na bisibisi, ugonge taratibu kingo zilizo chini ya milango, sehemu zinazoshikilia springi za nyuma, na fremu ya mbele inayobeba injini. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kadibodi, na bisibisi huingia. Ukikuta sehemu yote ya chini imepulizwa rangi nyeusi mpya, mpaka kwenye bushi za mpira na kichwa cha kila nati, uliza ilipulizwa lini na ili kuficha nini. Fundi mmoja wa Ngamiani huwaambia wateja wake, "Mdogo wangu, juu wamekupambia wewe, chini hawakumpambia mtu."

Matairi yanastahili neno lake. Gari likitoka mikoa ya baridi linaweza kuja na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni na kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zilizochanwa michirizi mingi myembamba. Matairi hayo yalienea baada ya Japani kuweka sheria mwaka 1990 dhidi ya matairi ya misumari, ambayo yalikuwa yakisaga lami na kujaza vumbi mijini. Mpira wake umekusudiwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Tanga saa nane mchana mpira huo hulegea, huisha haraka, na siku ya mvua huongeza umbali wa kusimama. Muuzaji atakuonyesha kashata nene na kusema matairi bado mapya. Yavue. Angalia pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, na tairi la miaka minane lisikushawishi kwa unene wake.

Unapoweka mapya, weka manne kwa pamoja, ya chapa na kipimo kimoja. Kwa gari la magurudumu mawili, kununua mawili leo na mawili mwakani ni ubahili unaovumilika. Kwa IST, Probox, RAV4 ya ACA21 au Forester, matairi yaliyochakaa kwa viwango tofauti huzunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa kavu, na kile kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi saa zote kana kwamba gari linateleza, mpaka kife. Escudo ya kizazi cha pili peke yake ndiyo inayosamehe, mradi ubaki kwenye magurudumu mawili.

Hapo ndipo penye hila ambayo nimeikuta zaidi kwa magari yaliyotumika nchini kuliko yanayotoka melini. Kiungo kikifa, au difu ya nyuma ikianza kulia, mmiliki hushauriwa aondoe propela shafti ili gari liendelee kutembea kwa magurudumu ya mbele na lipunguze mafuta, kisha siku ya kuuza maandishi ya 4WD yanabaki palepale. Ukiwa bado ndani ya lile shimo la gereji, fuata kwa tochi kutoka giaboksi kwenda nyuma: lazima uone bomba refu la chuma likifika kwenye difu, lenye grisi kwenye maungio na lisilo na nafasi ukilishika na kulizungusha kwa mkono. Kwa Escudo, lipeleke kwenye changarawe au nyasi, si kwenye lami, weka gia nzito, na uhakikishe taa ya dashibodi inawaka na kutulia na gari linasonga bila kugongagonga. Kama shafti haipo, bado unaweza kulinunua, lakini kwa bei ya gari la magurudumu mawili, na kwa barabara ya Segera.